Macho ya Mama wa Juu

Nitamsifu, na mtanisikia nikimsifu, lakini kwanza niseme kwamba kiwanja chake kilikuwa kichafu. Maganda ya maharage, mavi ya kuku, kuni zimetupwa ovyo. Ukipanda kwake asubuhi ilibidi uchague pa kukanyaga. Sufuria zake ziliungua. Chumvi alisahau. Mumewe, mtu mpole aliyelima mteremko mzima pale juu ya Nyamitaba, alikula chakula cha kuungua miaka yote na sikumsikia akilalamika. Mimi mume wangu angekuta viazi vimeungua mara mbili tu, angeniuliza kama kwa mama yangu hakukuwa na moto. Yule alisamehewa kila kitu, kwa ajili ya macho yake.

Kiwanja changu nilikifagia kila siku kabla jua halijashika migomba. Mama yangu alinifundisha kufagia nikirudi nyuma, kutoka mlangoni hadi kwenye migomba, ili alama ya mguu isibaki. Na mimi hufagia kwa mkono wa kushoto. Walinipiga utotoni niache, sikuacha. Nikimaliza, hata kuku waliona haya kupita. Lakini nani alishawahi kusifiwa kwa kufagia?

Tulimwita Mama wa Juu kwa sababu nyumba yake ilikuwa juu ya yetu. Akitoka mlangoni kwake anaona paa letu, zizi letu, kiwanja chetu chote. Sisi tukitazama juu tunaona migomba na moshi. Yaani yeye alituona, sisi hatukumwona, na hilo nalo lilinikera.

Sisi ni watu wa ng'ombe. Kwetu maziwa hukaa katika chombo cha mti kilichochongwa, na chombo hufunikwa kwa kifuniko cha kusuka, kirefu chenye ncha, mfano wa paa la nyumba. Kila mwanamke husuka cha kwake. Siku ya soko vyombo hupangwa mstari mmoja, na mnunuzi haulizi maziwa ni ya nani, anatazama kifuniko. Mimi nilisuka kama mama yangu, na yeye kama mama yake: mistari myeusi inayopanda ikikunjakunja mpaka kwenye ncha. Mkono wangu haukuwa na kosa. Ungeweza kugeuza kifuniko changu ukatia maji na yasitoke. Sijisifu, ulizeni.

Mama wa Juu alitoka kwa wakulima, watu wa kilima kile tangu kabla yetu. Kifuniko hakukijua. Mumewe alipobadilisha mavuno ya maharage kwa ng'ombe mmoja jike, yeye alishuka kwangu na fungu la nyasi kwapani, akasema, "Mama Konsolata, unionyeshe namna ya kuanza." Kuanza ndiko kugumu, ile ncha ya juu ambapo nyasi hazina pa kushikilia. Nilikaa naye kizingitini, nikashika vidole vyake kwa vidole vyangu mpaka ncha ikakaza. Mimi njo nilimufundisha, mimi ndiye. Kama kuna neno moja ninalotaka mlibebe mwende nalo, libebeni hilo.

Tulizoea kushuka pamoja hadi Kashebere, mimi na siagi, yeye na maharage, mizigo mgongoni na kamba kwenye paji la uso. Ni safari ya kulala njiani. Kule watu wa Walikale hupandisha mafuta ya mawese, nyuzi laini za mitende ya msituni, na ule unga mwekundu wa kutia rangi. Siku moja mvua ilikuwa imepiga, na kamio, lori la mizigo, ilikuwa imepita mbele yetu. Nikasikia hatua zake zimekoma. Kugeuka, amechuchumaa katikati ya njia na mzigo wake wote mgongoni, anaangalia chini.

"Umeanguka?" nikamuuliza.

"Kuya uangalie."

Nikarudi, nikaangalia.

"Unaona nini?"

"Ninaona matope."

"Umeita jina mbio sana," akasema. "Ukiisha kuita kitu jina, macho inafunga. Acha jina kwanza."

"Mama, mvua ingine iko inakuya."

Hakunisikia. Alipitisha kidole kwenye alama ya gurudumu, ile miguu ya kuku inayofuatana upande huu na upande huu, na katikati mstari. Mimi nilisimama na siagi yangu inayeyuka. Baada ya majuma kadhaa kifuniko kilionekana sokoni, alama ileile, nyeusi juu ya rangi ya nyasi, inapanda kuzunguka hadi juu kana kwamba kamio imepanda kilima. Wachukuzi wa Rubaya, watu wanaobeba mizigo ya machimbo kutwa na hawana muda na mapambo, walisimama. Wakakipa jina wenyewe: Njia ya Kamio. "Leo tunakunywa ya Njia ya Kamio," walisema, na wakapita mbele ya chombo changu. Maziwa ya ng'ombe mmoja, aliyekonda, na wakayapangia mstari.

Mume wangu naye. Yeye ana ng'ombe zake, hana haja ya maziwa ya mtu. Nilimkuta amesimama mbele ya kile kifuniko, mikono nyuma.

"Maziwa ya kule juu inaonekana iko baridi," akasema.

"Ni maziwa tu."

"Njo, ni maziwa. Lakini inaonekana baridi."

Usiku huo sikumpa maziwa, nilimpa maji.

Msidhani alikuwa anapenda vitu vizuri. Mimi ninapenda vitu vizuri. Kikwembe kipya cha kujifunga, sahani isiyo na ufa. Yeye alipenda chochote. Ukutani kwake, ndani ya ule moshi, alibandika picha za viberiti, gunia la unga lenye maandishi ya bluu yaliyofifia, na bati la samaki alilolinyoosha kwa jiwe. Wengine walisema amerogwa na takataka. Alikuwa na sahani iliyobanduka rangi, akaitundika, anasema pale palipobanduka pana sura. Nikamuuliza sura ya nani. Akasema si ya mtu, ni sura tu. "Hakuna kitu ya bure, Mama Konsolata. Kila kitu iko na sura yake. Ni siye tunapita mbio."

Kanisani alikaa mbele kabisa, shingo imenyooka, hapepesi macho hata mahubiri yakirefuka. Padri alimsifu mbele yetu sote: igeni ibada ya mama huyu. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilijua anachoangalia. Baada ya Pasaka ule upindo wa vazi la padri, majani na zabibu na vile vifundo vidogo vya dhahabu, ulikuwa umezunguka mdomo wa kifuniko chake kwa unga mwekundu wa Walikale. Padri alikinunua. Alikiweka mezani kwake, na sijui kama aliwahi kutambua nguo yake mwenyewe.

Tena alicheka kanisani. Si sana, lakini kicheko chake kilikuwa kikubwa na kilitoka bila kuomba ruhusa, na sababu yake hatukuijua, labda kivuli cha dirisha kimeanguka kwenye kipara cha mtu. Mimi ningecheka hivyo ningeitwa na wazee wa kanisa.

Na bado, mwenye macho yale, watu hakuwaona. Hilo lilitushangaza wote. Ungekutana naye njiani, umefiwa, uso umevimba kwa kulia, naye anasalimia upindo wa kikwembe chako. Nilipokuwa na mimba ya mwisho aligundua tumbo langu siku ile nilipojifungua. Nyuzi alikuwa nazo mchoyo. Ukimwomba uzi mweusi anajifanya hasikii. Lakini kifuniko kikishaisha, angeweza kumpa mtu yeyote aliyesimama karibu, na kesho yake hajui alimpa nani. Vyangu mimi ninavijua vyote, viko wapi na viko kwa nani, na kimoja kilichopotea ninakitafuta mpaka leo.

Mnasema, basi na wewe ungeangalia. Niliangalia. Jioni moja, wakati wa kukamua, niliazimia kumtazama ng'ombe wangu wa mabaka bila kumwita ng'ombe. Niliacha jina, kama alivyosema. Nikatazama baka jeusi linavyoshuka begani, linavyokatika, lingine linavyoanza ubavuni. Nikatazama kwa bidii sana. Nikaja kusikia mume wangu anakohoa nyuma yangu. Ndama nilikuwa sijamfunga. Alikuwa upande wa pili, ameshiba mpaka masikio yamelala, na chombo changu kikavu. Kwa watu wa ng'ombe hiyo si hadithi ya kuchekwa siku moja. Mashemeji waliicheka hadi mavuno. Nikasuka yale mabaka hata hivyo, kwa ukaidi. Mume wangu alikizungusha kile kifuniko mkononi, akauliza kwa adabu kabisa, "Hii ni ng'ombe ao ni uji imemwangika?"

Nilikifumua. Nikarudi kwenye mistari ya mama yangu.

Yote hayo ningeyameza. Wivu wa soko ni kama moshi wa jikoni, unalia na unaendelea kupika. Lakini nilikuwa na mtoto mmoja wa kike, Konsolata, wengine wote wavulana, na Konsolata alipanda kule juu.

Alianza angali mdogo. Namtuma kuni, anachelewa. "Ulikuwa wapi?" "Kwa Mama wa Juu." "Mnafanya nini?" "Tunaangalia." "Mnaangalia nini?" "Hakuna kitu, mama." Kwangu alijifunza kusuka kwa sababu nilimkalisha. Kule hakukalishwa, alikwenda mwenyewe. Akirudi, macho yake yalikuwa yamekaa namna nyingine. Anasimama mlangoni na kikapu kichwani anatazama maji yaliyomwagika. Nilimuona yule mwanamke ndani ya mtoto wangu. Nilimzaa mimi, kwa uchungu wangu, na alikuwa anatazama kwa macho ya jirani.

Sasa sikilizeni desturi yetu. Msichana akiolewa, mama yake humsukia kifuniko cha chombo kitakachobeba maziwa hadi kwa mume. Mama mkwe hukipokea, hukiweka juu ya kitanda cha bibi arusi, na hakitoki tena. Akizeeka, kiko pale. Akifa, huzikwa nacho. Ni mkono wa mama unaobaki na mtoto mahali ambapo mama hawezi kufika. Niliifikiria kazi hiyo tangu Konsolata ananyonya. Nilichagua nyasi msimu mzima kabla ya posa. Nilisuka mistari ya mama yangu, midogo kuliko nilivyowahi kusuka, na mkono wangu haukukosea hata mara moja.

Siku ya kumtoa, nyumba imejaa, Mama wa Juu alishuka na kitu kimefungwa katika jani la mgomba. Hakualikwa kuleta. Akakifungua, akakiweka karibu na changu, akaenda kukaa na wanawake wengine na kuomba viazi.

Kilikuwa na mapinde, mistari iliyopinda kama mundu. Mapinde meusi, moja limelala juu ya jingine, yote yamegeukia upande mmoja, yanaanza kwenye ukingo na kupanda yakirudi nyuma, yakirudi nyuma, hadi ncha. Baadaye watu walikiita Maji, wakisema ni maji ya ziwa kule Mokoto upepo ukipita. Wakati ule hakikuwa na jina.

Shangazi yake Konsolata, ndiye mbebaji wa chombo, aliinua macho. "Tunafunika na ipi?"

Swali hilo halijawahi kuulizwa katika ukoo wetu. Konsolata akaja. Alichukua changu, akakishika muda mrefu, akapitisha kidole gumba kwenye mistari. Hilo nampa, alikishika muda mrefu. Halafu akakiweka chini, akachukua kile kingine.

"Mama, usikasirike," akasema. "Hii inafanana na nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?" nikamuuliza.

Alianza kulia, shangazi akamfunika uso, na chombo kikatoka mlangoni na mkono wa mwanamke mwingine juu yake. Changu nilikirudisha ndani. Kinafunika chumvi mpaka leo. Chumvi haijawahi kupata unyevu.

Nilimuuliza yule mwanamke mara moja tu, njiani, alikotoa mapinde yale. Alicheka. "Karibu tu," akasema, akaendelea na njia yake. Nikaacha kupanda kwake. Nilimsalimia kwa sababu ni jirani na kwa sababu ni mkristo, na salamu yangu ilikuwa fupi. Sidhani kama aliona tofauti.

Miaka ikapita juu yetu. Mumewe akafa. Macho yake yakaanza kuingia ukungu, kwanza moja, halafu la pili. Nilipoambiwa, nilihisi kitu ambacho sitakisema, na baada ya hicho nilihisi huruma, na vyote viwili vilikaa pamoja bila kugombana. Mgongo wangu mimi nao ulikuwa umekataa. Mke wa mwanangu ndiye aliyefagia sasa. Msimu wa mvua za mwisho nilichukua kibuyu cha maziwa nikapanda.

Alikuwa amekaa kizingitini, uso umeelekea bonde kama zamani. Kiwanja chake kilikuwa vilevile.

"Mama Konsolata," akasema kabla sijafungua mdomo.

"Umenijuaje?"

"Mwendo. Kaa."

Nikakaa. Alikunywa maziwa, akajifuta. Nilingoja anishukuru. Akasema, "Nani anafagia kwako sasa?"

"Muke wa mutoto wangu."

"Nilijua si weye. Ninasikia ufagio inaenda moja kwa moja, fya, fya, fya. Anafagia vibaya."

"Anafagia safi kabisa."

"Safi, ndiyo. Lakini haiko tena na sura." Akageuza uso upande wangu, macho meupe. "Weye ulikuwa unafagia kwa kushoto, unarudi nyuma. Asubuhi jua ikitoka upande ule, kila pinde ilikuwa na kivuli yake. Miye nilikuwa ninaacha moto, ninasimama hapa. Njo maana chakula ilikuwa inaungua."

Nikakiweka kibuyu chini.

"Ile kifuniko ya Konsolata," akasema. "Ulifikiri ni maji, kama wao?"

Nikainuka nikasimama mlangoni mwake, mahali ambapo sikuwahi kusimama na kutazama chini. Kiwanja changu kilikuwa kule, kidogo, kimefagiwa mistari iliyonyooka ya mke wa mwanangu. Hakikuwa na kitu. Nilikifagia maisha yangu yote, na nilikuwa nimesimama ndani yake, na nilikuwa natazama miguu yangu. Mtu mmoja tu duniani aliwahi kuona kazi yangu, na Konsolata aliyekulia ndani yake akaitambua bila kujua. Wivu ulinipanda upya, mkali kuliko ule wa soko. Sasa nilikuwa namwonea wivu kwa kitu changu mwenyewe.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeanza kufagia muzuri."

Ufagio wake ulikuwa umeegemezwa ukutani, mpya karibu, maana hakuutumia. Niliuchukua kwa mkono wa kushoto. Nikaanzia mlangoni kwake, miguuni pake, nikirudi nyuma, mgongo unanilaani, maganda na mavi ya kuku yakienda pembeni. Yeye aliinamisha kichwa akasikiliza. Nilipofika kwenye migomba nikasimama kupumua.

"Umeacha pembe ile kuku wanalala," akasema.

Nilikuwa nimeiacha kweli. Nikarudi, nikaifagia. Kisha nikapanda kwenye ukingo nyuma ya nyumba, pale anapofungwa mbuzi, nikishika majani ili nisianguke, nikageuka. Jua lilikuwa upande unaofaa. Mapinde yalikuwa pale, moja limelala juu ya jingine, kila moja na kivuli chake, yakirudi nyuma hadi kwenye migomba. Nilitaka Konsolata awe karibu nami. Nilitaka mama yangu, ambaye alinipiga kwa ajili ya mkono huu.

"Uko unaona nini?" alipaza sauti kutoka kizingitini, uso umeinuliwa upande usio wangu.

Nilimwangalia. Amekosa macho, na bado alitaka nimpe na hayo yangu.

"Ninaona matope," nikasema.

Akacheka kile kicheko chake cha kanisani, kikubwa, bila kuomba ruhusa, mpaka mbuzi akavuta kamba. Nami nilibaki pale juu nikitazama, kabla kuku hawajapita.